Mama Asiyeitika

Mie kazi yangu ni kupiga chapa. Nakaa barazani kwa Mpemba mmoja mwenye duka, ng'ambo ya barabara na mahakama ya Temeke, na taipureta niliyoinunua mnadani siku shirika letu lilipofungwa na sie wote tukapewa barua za kwaheri. Watu wakiniuliza naandika nini, nawaambia naandika shida zenu. Mtu kapoteza cheti, mtu kabadili jina, mtu anataka talaka, wote hao wanapita kwangu kabla ya kwenda kwa hakimu. Nimeandika viapo mpaka siku hizi mtu akinisimulia jambo, kichwani linajipanga lenyewe, kwamba hivi na kwamba vile. Lakini kiapo kilichonichosha roho ni kimoja tu, nacho ni cha mama mwenye nyumba wangu, Bi Mwamvita binti Jabiri.

Nilipanga kwake mwaka themanini na tisa. Ni nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko uani. Bi Mwamvita ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, watu wa Temeke na hata wa Kinondoni wanamfuata yeye, naye anakwenda na mwiko wake begani. Anatoka asubuhi na mapema, anarudi jioni macho mekundu kwa moshi, anakaa kwenye mkeka wa ukumbini kunyoosha goti lake bovu. Ukimwamkia anaitika, ukimuuliza za kutwa anakujibu, "Tunazivuta tu, Mama Anselmo." Anselmo ni mwanangu. Jina langu ni Demetria, lakini mle ndani halijapata kutamkwa.

Alikuwa na binti mmoja, Naima. Nasema alikuwa na binti kwa sababu ndivyo nilivyojua miaka mitano mizima. Hakuna aliyenidanganya. Naima alimwita mama, yeye alimwita mwanangu, walikula sahani moja na kugombana kila Ijumaa juu ya kusuka nywele. Ningeuliza nini?

Naima akaolewa na Khalfani, kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa baharia, meli ikampeleka Ulaya na yeye akabaki huko, akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki na karatasi zake zikakamilika. Alikuja likizo mwaka tisini na tatu, wakaoana, akakaa wiki sita, akarudi. Kilichobaki ni mke amfuate. Naima akachukua pasipoti, akajaza fomu za ubalozi, akaambatanisha cheti cha kuzaliwa, akaenda kuhojiwa. Alirudi anacheka. Yule ofisa, akasema, mpole tu, kaniuliza habari za nyumbani.

Barua ilikuja baada ya mwezi na nusu. Ilikuwa ya Kiingereza, wakaniletea mie kule barazani niwasomee. Niliisoma kimya kwanza, kisha nikawafasiria. Ombi limekataliwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema mama wa Naima Faraji ni Farida Jabiri. Mume kwenye fomu zake huko aliko kaandika mama mkwe wake ni Mwamvita Jabiri. Na mwombaji mwenyewe alipoulizwa mama yake nani alisema Mwamvita, anaishi naye, na mama huyo ana mtoto mmoja tu. Kwa hiyo ofisa haamini kwamba msichana aliyekaa mbele yake ndiye Naima Faraji wa kwenye cheti. Huenda cheti ni cha mtu mwingine. Kama mwombaji hakubali, akate rufaa ndani ya miezi mitatu.

Nilipandwa na hasira, na mie nikipandwa na hasira sichagui. "Naima, hebu niambie. Mama yako nani?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Si mama huyu hapa."

"Na Farida?"

"Mama mdogo, yuko Kisiju. Ndiye aliyenizaa." Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayekutajia siku ya soko. "Wameniuliza mama yangu nani, Mama Anselmo. Hawajaniuliza kanizaa nani."

Nikageuka kumtazama Bi Mwamvita. Alikuwa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Jioni ile akanieleza, maneno machache, miguu kainyoosha. Mimba zake tatu ziliharibika, ya tatu nusura iende naye. Farida, mdogo wake, alikuja mjini kujifungua hospitali, akalelewa uzazi wake humu humu ndani. Arobaini ilipotimia Farida akafunga mzigo wake wa nguo, akamweka mtoto mapajani mwa dada yake, akaenda zake Kisiju. Wazee walishakubaliana. Hapakuandikwa kitu wala hapakusemwa kitu, na tangu siku ile mtaa mzima ukajua Mwamvita ana mtoto. Baba wa Naima, Faraji, alifariki binti akiwa wa kutambaa, kwa hiyo hata huko hakukuwa na wa kuuliza. Kwetu Masasi pia mama mkubwa ni mama, nimelelewa hivyo mwenyewe. Ila miaka ya kukaa na makaratasi ilinisahaulisha, na nilijionea aibu kwa lile swali langu.

Khalfani akatafuta wakili huko huko. Wakili akawa anatuma faksi, tunaifuata posta, naisoma, tunahangaika, tunajibu. Alitaka ushahidi wowote kwamba Naima ndiye Naima. Basi tukaanza kuzunguka. Shuleni alikosoma, mwalimu mkuu alitupiga kalenda wiki mbili, mara rejista imefungiwa, mara mwenye ufunguo kaenda msibani. Alipotuandikia ile barua, imeandikwa vizuri, na muhuri juu yake, kwamba Naima Faraji alisoma hapa na mzazi wake ni Bi Mwamvita Jabiri. Niliikunja nikaitia mkobani. Tukaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Naye kwa moyo mweupe akaandika anamfahamu Naima tangu mdogo, ni binti wa kumzaa wa Bi Mwamvita, mpishi maarufu. Kadi ya kliniki nayo ilikuwa na jina la Mwamvita. Kila aliyetupenda alituharibia. Nilikuwa natembea juani na bahasha ile najiambia, mtoto huyu angekuwa hajulikani na mtu tungeshamaliza zamani.

Ikabaki viapo. Cha Farida, kwamba alimzaa, na cha Bi Mwamvita. Hicho cha pili nilikiandika kwa adabu. Kwamba mimi ni mama mkubwa wa Naima, kwamba nimemlea tangu akiwa na siku arobaini, kwamba nampenda. Wakili akakirudisha. Kwa Kiingereza chake cha haraka alisema hicho kinazidi kuchanganya. Aseme wazi yeye si mama. Aseme hajapata kuzaa. Aseme binti alikosea kumwita hivyo mbele ya ofisa.

Nilikaa na faksi ile siku mbili nzima. Ya tatu Bi Mwamvita akanijia barazani mwenyewe, anachechemea, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Andika, Mama Anselmo."

"Bi Mwamvita, tuweke 'si mama mzazi.' Inatosha."

"Wakili kasemaje?"

"Kasema iwe wazi."

"Basi iweke wazi. Mtoto wa watu anamngoja mumewe mwaka wa pili huu."

Nikatia karatasi na kaboni. Mimi, Mwamvita Jabiri, mtu mzima, Muislamu, mkazi wa Temeke, naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo. Kwamba mimi si mama wa Naima Faraji. Kwamba sijapata kuzaa mtoto yeyote. Mie ninayepiga chapa hata nikiwa nazungumza na mtu, nilikosea mara tatu, nikachana, nikaanza upya. Kila nilipoanza upya alinitaka nimsomee tangu juu, nami nikasoma, naye akaitikia kwa kichwa kila kipengele. Nilikuwa na hasira na wakili, na ofisa, na taipureta, na yeye Bi Mwamvita kwa utulivu wake ule. Kulia kulinijia mie, yeye macho makavu.

Farida aliletwa kutoka Kisiju. Mwanamke mwembamba, mpole, watoto sita nyumbani, alikuja na nazi kwenye kikapu kama mgeni wa siku zote. Naima alimwamkia, "Shikamoo mama mdogo," akampokea mzigo. Kesho yake tukavuka barabara wote. Hakimu alikuwa kijana aliyechoka, ana foleni ya watu mpaka nje. Akavisoma viapo kwa sauti, maana sheria inataka muapaji asikie anachoapia.

"Umesema wewe si mama yake," akamwambia Bi Mwamvita. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Na hujawahi kuzaa?"

"Sijawahi."

Watu kwenye benchi waligeuka kumtazama, wengine wamekula pilau lake. Akatoa dole gumba, karani akalipaka wino, likagandamizwa. Farida alipofika zamu yake alianza kulia kabla hajaulizwa. Bi Mwamvita akamshika kiwiko. "Jikaze," akamwambia, "useme haraka tutoke." Farida akasema. Alimzaa, akampa dada yake. Hakimu akauliza kama kuna maandishi ya kumpa. Farida akamtazama dada yake kuomba msaada, akasema hapana, alimpa tu.

Nje Farida akasimama katikati ya watu. "Dada, mie sikuja kumchukua."

"Najua, Farida. Twende tukale."

Wakili alifurahi. Waliosikiliza rufaa wakaamuru Naima ahojiwe upya hapa Dar, na barua ikasema pia kwamba akijichanganya tena hakuna nafasi nyingine. Tulipewa mwezi. Ndipo Bi Mwamvita akafanya lile jambo lake, ambalo hakumuuliza mtu.

Tulikuwa uani, yeye anachambua mchele wa shughuli ya watu. Akasema bila kuinua kichwa, "Naima, kuanzia leo mie ni mama mkubwa. Ukiniita mama siitiki."

Naima akacheka. Mie pia nilicheka. Adhuhuri Naima akaita kutoka jikoni, "Mama, maji yamechemka." Kimya. Akaita tena. Bi Mwamvita alikuwa amekaa hatua tano kutoka pale, anatazama ungo wake. Maji yakachemka mpaka yakapungua sufuriani. Ndipo Naima akatoka, akasimama mbele yake, akasema polepole, "Mama mkubwa, maji tayari."

"Ee, nakuja."

Ikawa ndio mtindo wa nyumba. Siku za mwanzo Naima alikuwa anakosea mara ishirini kwa siku, na mara zote ishirini alikuwa anazungumza na ukuta. Alinuna, akabembeleza, akafanya ukaidi, hakuna kilichosaidia. Na Bi Mwamvita naye akaacha kusema mwanangu. Akawa anamwita Naima, jina kavu. Mie nilikuwa napita kwenye ukumbi ule nasikia mtu anaita na hakuna anayeitika, nikatamani kuhama.

Wiki ya tatu Naima akashikwa na malaria. Mchana kweupe, mwili unawaka moto, meno yanagongana, akaanza kuita mama, mama. Bi Mwamvita alikuwa kando ya kitanda chake. Alikuwa analoweka kitambaa, anakamua, anamwekea kipajini, anakigeuza. Mkono unafanya kazi yote na mdomo umefungwa. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuvumilia.

"Bi Mwamvita, muitike mtoto. Anaumwa."

Akatikisa kichwa. "Nikimwitika leo, na yeye atajisahau siku ile."

"Hata kusikia hasikii."

"Anasikia," akasema. Akaloweka tena kitambaa.

Sikumsemesha siku mbili. Nilimwona katili, nasema kweli. Kisha nikamwona kwenye jiko la uani, amewapa watu mgongo, anasonga ugali wa mgonjwa, na mabega yanatikisika, nikarudi chumbani kwangu taratibu asijue nimemwona.

Naima akapona, akazoea. Siku ya kuhojiwa alivaa baibui jipya, akaenda, akakaa humo saa nzima. Alipotoka mie na Bi Mwamvita tulikuwa tunamngoja chini ya ukuta wa ubalozi. "Wameniuliza mama mara nne," akasema, "kwa kunizungusha. Lakini mama mkubwa limetoka lenyewe, hata sikuliwazia." Bi Mwamvita akasema alhamdulillahi. Akalirudia mara mbili, akaomba tutafute mahali akae.

Viza ilitoka baada ya miezi minne, mwaka tisini na tano, mwezi wa tatu. Uwanja wa ndege Naima alilia, akamkumbatia, na Bi Mwamvita akamnong'oneza kitu. Nilipomuuliza tukirudi alisema, "Nimemwambia asijisahau mpaka atakapofika. Huko mlangoni nako wanauliza."

Basi akafika. Akapiga simu dukani kwa Mpemba, kama tulivyoandikiana. Bi Mwamvita alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, kanga mpya, na mwiko wa watu siku ile aliuacha kwa mwingine. Sauti ya Naima ilisikika mpaka kwenye taipureta yangu. "Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

Wakazungumza baridi, wakazungumza mume, wakazungumza samaki wa huko wasio na ladha. Mama mkubwa hivi, mama mkubwa vile. Alipoweka simu chini nikamwambia, "Sasa si yamekwisha? Mwambie aache."

"Nimwambie kwenye simu?"

"Kwani kuna nini?"

Akatazama kile chombo cha simu, akatazama mahakama ng'ambo. Akateremsha sauti. "Wale watu wana mafaili, Mama Anselmo. Dole langu liko huko. Wakisikia ananiita mama na mie naitika, si watasema tulikula kiapo cha uongo? Watamrudisha."

Nikamwambia hakuna anayesikiliza. Nilimwambia mara nyingi, mwezi baada ya mwezi. Aliniuliza swali moja tu, "Unaweza kuapa?" Na mie niliyekula chumvi ya viapo miaka yote, nikajiuliza, nikarudi kwenye taipureta yangu. Barua zake kwa Naima naziandika mie. Nikimalizia "ni mimi mama yako," ananiambia soma mwisho, akisikia ananiambia chana, weka mama mkubwa.

Mwaka jana uvumilivu ukaniishia. Nikamwandikia Naima barua yangu mwenyewe, kwa siri. Nikamwambia mtoto wa watu we, umeshapata makazi, umeshazaa binti yako mwenyewe, hakuna wa kukurudisha. Mama yako anazeeka, goti halimbebi tena na sufuria za shughuli amezisusa. Siku utakayopiga, mwite mama, ndilo jina lake.

Akapiga Jumapili moja, duka limetulia. Bi Mwamvita akapokea, nami nikaacha kupiga chapa nisikie.

"Mama," Naima akasema.

Bi Mwamvita akanyamaza.

"Mama, shikamoo. Mama, ni mie. Unanisikia?"

Alikuwa ameubana mkono wa simu kwa mikono yote miwili, macho kayafumba, midomo kaiuma. Nikamfanyia ishara, itika, itika. Hakunitazama. Naima akaita tena, na tena, sauti inaanza kukatika kwa wasiwasi, na yeye anasikiliza tu, kila mara anazidi kukisogeza kile chombo sikioni. Nilihesabu mara saba. Kisha huko ng'ambo pakawa kimya, nikadhani laini imekatika.

"Mama mkubwa?" Naima akasema, kwa sauti ndogo.

"Nipo," akajibu Bi Mwamvita. "Nipo, Naima. Mtoto hajambo?"